Anzia chini: namna ya kuitazama SS Great Britain

Wageni wengi wanaofika kwenye SS Great Britain, meli ya kale iliyo sasa makumbusho mjini Bristol, Uingereza, hupanda sitahani kwanza. Hupiga picha milingoti sita na bendera, hushuka kutazama kabini na jiko, na chini ya meli hufika mwishoni kabisa, miguu imechoka na macho yanatafuta mlango wa kutokea. Nashauri uanze pale wanapomalizia wao. Sitaha, milingoti, ukumbi wa chakula, vitanda na hata injini vimeundwa upya kwa kufuata michoro na maandishi ya zamani. Kilichobaki hasa cha mwaka 1843 ni mwili wa chuma, na chuma hicho husomeka vizuri zaidi ukiwa umesimama chini yake.

Kabla ya kuteremka, simama kidogo ukingoni mwa chelezo, yaani shimo la kuundia na kutengenezea meli. Watu hukipita bila kukitazama, ilhali nacho ni sehemu ya historia. Kilijengwa kwa ajili ya meli hii hii: mkuku, yaani uti wa chini wa meli, ulilazwa humo Julai 1839, na tarehe 19 Julai 1843, mbele ya Prince Albert, mume wa Malkia Victoria, maji yalifunguliwa yakajaa, meli ikaelea palepale ilipoundwa. Urefu wake ulikuwa mita 98, upana mita 15 na zaidi kidogo, na hapakuwa na meli nyingine duniani iliyoifikia. Mhandisi wake, Isambard Kingdom Brunel, aliunganisha vitu viwili ambavyo havikuwa vimekutana katika meli ya kuvuka bahari kuu: mwili wa chuma na msukumo wa rafadha, yaani panga boi la chini ya maji.

Ukitazama kutoka ukingoni utadhani meli inaelea. Maji hayo yana kina cha sentimita chache tu, na chini yake kuna kioo kilichotandazwa usawa wa mstari wa maji kuizunguka meli yote. Kioo hicho hakikuwekwa kwa ajili ya pambo. Ni dari ya chumba kilichozibwa, na chumba hicho ndicho kinachoizuia meli isimalizwe na kutu.

Shida yenyewe ni hii. Mwaka 1886 meli ilipata dhoruba kali karibu na Rasi ya Horn, ikakimbilia visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, na huko ikaishia kuwa ghala linaloelea la kutunzia sufu na makaa ya mawe. Mwaka 1937 ilivutwa hadi Sparrow Cove, ghuba ndogo karibu na Port Stanley, ikatobolewa makusudi ili ikae kwenye mchanga. Ikabaki hapo hadi 1970, maji yakijaa na kupwa ndani yake kila siku. Miaka yote hiyo kloridi, yaani ile sehemu ya chumvi inayokula chuma, ilipenya hadi chini ya tabaka za kutu na kukaa pale kutu inapokutana na chuma kizima.

Kloridi haiishi kwa kufanya kazi. Huvuta unyevu wa hewa, unyevu ukifanya utando mwembamba wa maji chuma kinayeyuka na kugeuka kutu mpya, na kloridi ileile inabaki tayari kuanza tena. Kutu nayo huchukua nafasi kubwa kuliko chuma ilichotokana nacho. Ikizaliwa kati ya mabamba mawili yaliyofungwa kwa ribiti, yaani misumari minene ya chuma, huyasukuma yaachane, hupindisha kingo, na mwisho hukata vichwa vya ribiti. Kupaka rangi juu ya chuma cha namna hii hakusaidii, maana rangi huifungia chumvi ndani: baada ya muda inavimba, inabanduka, na chini yake unakuta uharibifu umeendelea kimya kimya. Kuosha kwa maji ya kasi huondoa chumvi ya juu na kuiacha iliyozama. Mizinga na nanga zilizotolewa baharini huweza kulowekwa kwenye dawa kwa miezi au miaka hadi chumvi itoke, lakini huwezi kuiloweka meli ya mita 98 iliyojaa viraka na nyufa.

Ukaguzi wa mwaka 1998 ulionyesha kwamba, ikiachwa katika hewa ya kawaida ya chelezo, meli ilikuwa imebakiza kama miaka 25. Ndipo ikaonekana kwamba kama chumvi haitoki, basi ukaushwe ule unyevu inaouhitaji. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Cardiff walipima mwendo wa kutu katika viwango mbalimbali vya unyevu, na hesabu ikaangukia asilimia 20 hivi. Chini ya hapo kutu hutambaa polepole mno. Ukipanda kidogo tu kupita hapo, kasi yake inaongezeka upesi. Hewa ya nje ya Bristol mara nyingi huzidi asilimia 70. Kwa hiyo tangu 2005, kioo kilipokamilika, mitambo huvuta hewa ya chelezoni, huipitisha kwenye kemikali inayofyonza unyevu, kisha huirudisha ikiwa kavu na yenye joto kupitia mabomba yaliyolazwa kandokando ya meli, yakipuliza kuelekea kwenye chuma. Chumvi bado imo. Mitambo ikizimwa kwa muda mrefu kazi ya kutu inaanza upya, na ndiyo maana tiba hii inadai umeme na mafundi kila siku ya maisha ya meli.

Kwa mgeni hili lina maana ya vitendo. Kunywa maji kabla ya kuteremka, kwa sababu hewa ya chini hukausha midomo na koo. Anayevaa lenzi za machoni atazihisi mapema. Vua koti zito juu. Na usiguse chuma, hata pale ambapo hakuna anayekuona: jasho la kiganja lina chumvi, na vipande vya juu vimekuwa vyepesi kiasi kwamba kidole kinatosha kuving'oa. Kuna lifti kwa asiyeweza ngazi.

Sasa tembea polepole kutoka omo, mbele ya meli, kwenda tezi, nyuma yake. Jipe dakika 40 au 45. Chini ya hapo utakuwa umepita tu.

Anza na maungio ya mabamba. Yamepandiana kwa kingo, kama vigae vya paa, na mstari wa ribiti unashika mahali yalipofunikana. Kila ribiti ilipashwa moto hadi ikawa nyekundu, ikapenyezwa kwenye tundu, upande mmoja ukakazwa na upande wa pili ukapondwa kwa nyundo hadi kufanya kichwa. Ikipoa inajikunja na kuyavuta mabamba yabanane, kwa hiyo nguvu ya kiungo inatokana na kupoa kwake kuliko na nyundo. Ukaribie mshono mmoja uufuate mita chache kwa macho. Utapita mahali palipo imara, kisha mahali ambapo kingo zimeinuka kwa kusukumwa na kutu, kisha mahali ambapo chuma kimeliwa hadi kubaki matundu. Chuma hiki kilifuliwa, na chuma cha kufuliwa kina nyuzinyuzi ndani yake, ndiyo maana mahali kilipoliwa sana huonekana kikibanduka kwa tabaka.

Tazama tumbo la meli. Mkuku hautokezi, kuna mabamba mapana yaliyolala karibu tambarare. Ndani, juu ya mabamba hayo, Brunel aliweka mihimili kumi mirefu inayofuata urefu wa meli, akaifunika kwa sakafu ya chuma, kisha akaigawa meli kwa kuta tano za kuzuia maji. Hivyo ndivyo ilivyonusurika. Tarehe 22 Septemba 1846, ikiwa na abiria 180, ilipanda mchanga wa ghuba ya Dundrum, Ireland, baada ya kukosea mahali ilipo gizani. Hakufa mtu. Ilikaa ufukweni majira yote ya baridi ikipigwa na mawimbi, ikanasuliwa Agosti 1847. Meli ya mbao ingesambaratika. Hata hivyo, gharama za kuinasua ziliifilisi kampuni iliyoimiliki, Great Western Steamship Company.

Upande wa kulia wa meli tafuta ufa mkubwa ulioungwa. Chanzo chake ni kazi ya ghala kule Falkland: ubavu ulikatwa kufanya mlango wa kupitishia sufu. Tundu lenye pembe kwenye ubavu wa meli hukusanya mkazo pembeni mwake, na meli iliyokalia mchanga usio sawa hubebwa vizuri hapa na vibaya pale. Chuma kikachanika kuanzia mlangoni kwenda chini. Mwaka 1970, waokoaji walipotaka kuielesha upya, waliuziba ufa huo kwa magodoro yaliyotolewa na wenyeji wa visiwa. Maji yakapunguzwa kwa pampu, meli ikainuka, ikapandishwa juu ya tishali kubwa lililozamishwa na kuinuliwa chini yake, Mulus III, na ikavutwa na meli ya kukokota, Varius II, kuvuka Atlantiki hadi Uingereza. Aliyeshikilia hoja kwamba inawezekana ni mhandisi wa meli Ewan Corlett. Aliyetoa fedha ni tajiri Jack Hayward. Nadhani hakuna sehemu ya meli hii inayostahili muda wako kuliko ufa huu, na vikundi vinavyoongozwa huupita haraka mno.

Ukifika tezi utakutana na rafadha yenye mapanga sita na usukani mkubwa. Vyote viwili ni vipya, vimeundwa kwa umbo la asili. Rafadha ya kwanza ilikuwa na kipenyo cha mita 4.7 na haikudumu: mapanga yalivunjika moja baada ya jingine katika safari za mwanzo, ikabadilishwa kwa nyingine yenye mapanga manne. Usukani utazame kwa makini zaidi. Sehemu ya bapa lake iko mbele ya mhimili unaoubeba, si yote nyuma. Ukigeuzwa, maji yanayopiga ile sehemu ya mbele husaidia kuusukuma, na mshika usukani hahitaji nguvu nyingi. Meli za leo bado hutumia wazo hilo.

Ukimaliza chini, usiende melini bado. Pita kwanza kwenye ukumbi wa makumbusho ulio ukingoni, ambao habari zake zinarudi nyuma, kutoka kuokolewa kwenda kuzaliwa. Faida yake utaijua ukishapanda melini, kwa sababu melini kuna jambo linalowachanganya wengi na halielezwi vya kutosha: unachokiona hakikuwahi kuwapo kwa wakati mmoja.

Meli ilikuwa na maisha manne. Ilianza kama meli ya kifahari ya kwenda New York. Safari ya kwanza iliondoka Liverpool 26 Julai 1845 na kuchukua siku 14 na saa kadhaa, ikiwa na abiria 45 tu ingawa nafasi zilikuwa kama 360. Kuanzia 1852, chini ya Gibbs, Bright & Co, ikawa meli ya wahamiaji wa Australia, na safari ya kwanza tu kwenda Melbourne ilibeba watu 630. Katikati ya hapo ilibeba wanajeshi wa vita vya Crimea, na mwaka 1861 ilipeleka timu ya kwanza ya kriketi ya Uingereza kuzuru Australia. Mwaka 1882 injini iliondolewa, mwili ukavikwa mbao kwa nje, ikawa meli ya matanga ya kubeba makaa. La nne ni lile la Falkland.

Sasa angalia juu ya sitaha. Milingoti sita na bomba moja la moshi ni meli ya 1843. Lakini daraja la tatu unalolitembelea chini, lenye vitanda vyembamba vilivyopangwa juu kwa juu, ni la safari za Australia, wakati ambapo meli ilikwisha jengewa nyumba ya mita 91 juu ya sitaha, ikawekewa mabomba mawili ya moshi yaliyosimama ubavu kwa ubavu, na milingoti yake ikapunguzwa hadi kubaki mitatu. Waandaaji wamechagua sura moja kwa nje na nyingine kwa ndani, na sioni kosa katika hilo. Hakuna namna nyingine ya kuonyesha miaka 40 ya safari ndani ya mwili mmoja. Ila mgeni ajue, asije akaondoka akiamini kwamba mhamiaji wa Melbourne alipanda meli yenye milingoti sita.

Ndani kuna giza, ngazi ni za mwinuko mkali na mihimili iko chini. Mtu mrefu ainame. Harufu za jikoni, za wanyama na za matapishi zimetengenezwa makusudi. Mwenye tumbo jepesi apite haraka daraja la tatu, lakini asiliruke: lala kitandani ikiwa nafasi ipo, unyooshe miguu, kisha fikiria siku 60 hivi za kwenda Melbourne ukilala hapo. Juu ya sitaha tafuta mstari mweupe. Abiria wa madaraja ya chini hawakuruhusiwa kuuvuka kwenda upande wa tezi, na tezi ndiko daraja la kwanza lilikopunga hewa. Huko nyuma pia ndiko alikokaa nahodha John Gray, aliyeiongoza meli hii kwa miaka mingi kwenye njia ya Australia na akatoweka baharini mwaka 1872, katika safari ya kurudi, bila kupatikana.

Injini isikupite. Inachukua kimo cha sitaha kadhaa, na nakala iliyopo inazungushwa na mota ya umeme, hivyo utaiona ikienda bila joto wala moshi. Silinda nne, kila moja na kipenyo cha mita 2.24, zimelala chini zikiinamia juu kuelekea mhimili mmoja, jozi kila upande. Sura hiyo ina sababu. Meli ilipangwa iwe na magurudumu ya kupiga maji ubavuni, ambayo mhimili wake hukaa juu na huzunguka polepole. Mwaka 1840 meli ndogo Archimedes ilifika Bristol ikiendeshwa kwa rafadha, Brunel akaifanyia majaribio na kubadili mpango wakati ujenzi umeshaanza. Lakini rafadha hukaa chini na hutaka kasi. Jibu lake ni lile gurudumu kubwa la mita tano na nusu unaloliona katikati, lenye minyororo minne inayoshuka hadi kwenye mhimili wa rafadha: injini ikizunguka mara 18 kwa dakika, rafadha inazunguka mara 53. Simama pembeni uhesabu mizunguko ya gurudumu la juu na la chini, uone zinavyoachana karibu mara tatu. Baada ya Dundrum injini hiyo iliondolewa, na ya pili ilitumia magurudumu ya meno badala ya minyororo.

Kupanda mlingoti kwa mkanda wa usalama kunawezekana kwa msimu, na upepo ukizidi hufungwa bila kusubiri; usiipangie siku nzima ya safari yako. Jengo la Being Brunel, lililofunguliwa 2018 jirani na chelezo, lina vifaa vya kuchorea vya Brunel na ofisi iliyorudishwa katika hali ya zamani. Kama muda wako umekwisha, hilo ndilo la kuacha, si chelezo.

Kuna kipande kimoja kilicho nje ya lango, na hakina tiketi. Tembea kuelekea magharibi kando ya maji hadi Cumberland Basin. Bandari ya Bristol tangu 1809 imefungiwa kwa malango ili maji yake yasipwe, kwa kuwa mto Avon nje yake hupanda na kushuka kupita mita 12 nyakati za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida. Malango hayo yaliifunga meli ndani. Ilielea Julai 1843 lakini haikutoka hadi Desemba 1844, kwa sababu ilikuwa pana kuliko njia, na ilibidi mawe ya ukingo yabomolewe ndipo ipite. Ukiyatazama malango wakati maji yamekupwa, utaona ukuta na matope tu na utaelewa kwa nini meli iliyokosa bamvua moja ilisubiri nyingine.

Mwaka 1970 ilirudi kwa njia hiyohiyo. Tarehe 5 Julai ilipanda mto ikapita chini ya daraja la Clifton kwa mara ya kwanza, maana daraja hilo, alilolisanifu Brunel huyuhuyu, lilikamilika 1864, miaka mitano baada ya kifo chake na miaka ishirini baada ya meli kuondoka. Ikangoja bandarini hadi maji yalipokuwa ya kutosha kuipitisha juu ya kizingiti cha chelezo, ikaingia tarehe 19 Julai.